Yule wa Kikatiti

Baba yangu alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu kule Olmotonyi, kibanda cha mabanzi na bati, na tangu asubuhi mpaka jioni randa ilipita juu ya ubao hadi sisi watoto tukawa hatuisikii tena. Tulichosikia ni pale iliponyamaza. Randa ikinyamaza saa isiyo ya chakula, nilijua kuna mtu getini, na nilijua ni nani.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka minane. Baba aliniita kwa sauti ya chini, akiwa amesimama nyuma ya mlango wa karakana na penseli sikioni.

"Nenda kamwambie yule mama baba hayupo. Amesafiri."

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaenda. Getini alisimama mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge, miguu imejaa vumbi jekundu. Nilimwamkia kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba yupo?"

"Hayupo. Amesafiri."

"Atarudi lini?"

Hilo sikuwa nimeambiwa. Nikasema sijui. Aliangalia juu ya kichwa changu, kule karakana ilikokuwa, akasimama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha akasema, "Mwambie nilikuja," akageuka. Hakuwa amefika kwenye kona ya njia wakati randa ilipoanza tena. Nilitaka kumwambia baba angoje kidogo, lakini mtoto hamwambii baba yake jambo kama hilo.

Alikuja tena na tena kwa miaka mitatu. Nilijua habari zake kidogo kidogo, kwa maneno yaliyokatwa watu wazima walipotuona. Baba alikuwa amemwoa kimila kabla ya mama yangu. Wakashindwana, mahakama ikawaachanisha, na hakimu akaamuru baba atoe pesa ya matunzo kila mwezi kwa ajili ya binti yao mdogo. Alitoa mwaka mmoja hivi. Halafu akafunga ndoa na mama yangu kanisani, nikazaliwa mimi, wakafuata wadogo zangu watatu, na pesa ya kule Kikatiti, walikoishi yule mama na binti, ikakoma. Yule mama alipanda gari kutoka Kikatiti hadi mjini, jingine hadi Ngaramtoni, kisha akaupandisha mlima kwa miguu, kuja kuambiwa na mimi kwamba baba amesafiri.

Mara ya mwisho hakuja peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mvua ilikuwa imenyesha, na pembeni yake alisimama msichana aliyenizidi kidogo kwa umri. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini na viatu alikuwa amevishika mkononi, safi, ili avivae akishakaribishwa ndani. Alikuwa na paji la uso la baba yangu. Si kwamba alifanana naye tu. Lilikuwa lilelile, pana, na ule mkunjo katikati.

"Mwambie baba mtoto amefaulu," yule mama alisema. Alikuwa ameshika karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. "Amechaguliwa kwenda sekondari. Hizi ndizo fomu. Sitaki kugombana naye. Nataka azisome tu."

"Baba hayupo," nikasema.

Msichana hakunitazama mimi. Alitazama karakana, na mimi nikageuka kutazama anachotazama. Chini ya mlango, ambapo palikuwa na uwazi wa kama shubiri moja, zilionekana buti za baba.

Yule mama aliiviringisha nailoni, akaiweka kifuani, wakaondoka. Msichana aliteremka bila kuvaa viatu vyake. Hawakurudi tena.

Baada ya miaka miwili nami nilifaulu. Baba alinitengenezea sanduku la shule kwa mikono yake, mbao za paini zilizopigwa msasa mpaka zikawa laini kama shavu, na ada ya bweni akailipa yote kabla sijapanda gari. Jumapili ile alisimama kanisani kutoa shukrani kwa ajili yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, na besi yake ilibeba kwaya nzima. Nilifurahi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ni kweli: nilifurahi. Ila bwenini, kila nilipofungua lile sanduku, kabla ya kuona nguo niliona miguu yenye tope.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapata kazi mjini Arusha, nikaolewa, nikazaa. Yale mambo ya getini hayakuniacha. Nikiwa darasani, mwanafunzi wa kike akisimama mlangoni bila kubisha, niliacha kufundisha. Mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini siwezi kumwambia mgeni kwamba mtu fulani hayupo, hata pale ambapo kweli hayupo. Nilimjibu kwamba ni tabia tu.

Baba alifariki kwa presha, ghafla, ameketi kwenye benchi lake. Tulimzika shambani kati ya kahawa na migomba, kanisa zima likaja. Nilipokuwa nimesimama kaburini niliangalia watu, uso mmoja baada ya mwingine, mstari kwa mstari. Mdogo wangu wa kiume aliuliza namtafuta nani. Nikasema simtafuti mtu.

Siku mbili baada ya maziko ukoo ulikaa kikao. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, ndiye aliyekiongoza, na kijana mmoja wa ukoo alikuwa anaandika muhtasari. Wakanipendekeza mimi kuwa msimamizi wa mirathi kwa kuwa nimesoma. Ikafika sehemu ya watoto.

"Watoto wa marehemu ni wanne," baba mkubwa alisema. "Andika."

Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, aliinua kichwa.

"Na yule wa Kikatiti?"

"Yule ni wa mama yake."

"Mama yake alimpata wapi?"

"Nimesema andika wanne."

Mama yangu alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Hakuinua macho. Karatasi ilizungushwa, kila mtu akasaini, ikanifikia. Nilisoma majina yetu manne moja baada ya jingine. Nikasaini. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Wiki iliyofuata niliingia karakana kuorodhesha vifaa. Mama hakukubali kuingia na mimi. Alisimama nje, mgongo ameuelekezea mlango. Chini ya benchi, nyuma ya kopo la gundi, nilikuta furushi limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Zilikuwa hati za wito kutoka mahakamani, pamoja na nakala ya ile amri ya matunzo. Zote zilikuwepo, zimepangwa kwa tarehe, kingo zimenyooshwa. Hakuchana hata moja. Nilikaa kwenye vumbi la mbao nikizisoma mpaka ya mwisho, ambapo karani alikuwa ameandika umri wa mtoto, miaka kumi na minne, umri wa kwenda sekondari.

Nilitoka nazo nje nikamwonyesha mama.

"Kwa nini alizitunza?"

"Alikuwa anaogopa kuchoma kitu chenye muhuri," mama alisema.

"Mama, ulijua yule binti alifaulu?"

Alibaki ameuelekezea mlango mgongo.

"Nilijua. Baba yako alitaka kumpeleka. Alikuwa ameshaweka hela pembeni, ya meza alizotengenezea shule ya jirani. Mimi ndiye niliyemwambia achague. Nilimwambia, huyu wako wa hapa mwaka wa kesho kutwa naye anafika huko, na hela ni hiyo moja. Akachagua." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ulitaka nifanyeje? Nikunyime wewe?"

Nilichojua ni kwamba kwa miaka yote ile nilidhani nilibeba uongo wa mtu mwingine, kumbe nilikuwa nimeula, ndio ulionisomesha.

Niliziweka hati kwenye mkoba wangu. Tangazo la mirathi lilibandikwa ubaoni pale mahakama ya mwanzo, kwamba mwenye madai au pingamizi ajitokeze. Kila nilipopata nafasi nilipita kutazama. Hakuna aliyejitokeza. Nilimwuliza karani, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, kama deni la matunzo hufa na mtu.

"Inategemea," alisema. "Kilichokuwa kimeshafikia kulipwa akiwa hai ni deni kama deni lingine, linalipwa kutoka kwenye mali yake. Lakini hizi zako ni za siku nyingi mno. Mtu akizileta leo, hakimu anaweza kusema muda umepita." Akanirudishia karatasi. "Ila mtoto muda wake haupiti. Mtoto wa marehemu ni mrithi, alipwe matunzo asilipwe."

Siku ya kusikilizwa tulienda watu sita. Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wangu, sauti yake ndogo. Niliapa nikiwa nimeshika Biblia, nikajibu habari za kifo, za nyumba, za shamba, za vyumba viwili vya biashara pale Ngaramtoni. Nyuma yangu nilisikia baba mkubwa akipumua.

"Marehemu ameacha watoto wangapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema wanne. Nasema ukweli, nilikuwa nimejiandaa. Hati zilikuwa mkobani na nilikuwa nimeamua kwamba nitamtafuta yule dada baadaye, kimyakimya, nimpe chochote, bila kuivuruga familia. Kinywa changu kikafunguka na nikasikia nikisema, "Watano, mheshimiwa."

Akapekua faili. "Muhtasari wa ukoo unasema wanne."

"Ndiyo."

"Na sahihi yako ipo."

"Ipo. Nilisaini nikijua si kweli."

Hakimu aliweka kalamu chini. Aliniuliza huyo wa tano yuko wapi, nikasema Kikatiti, kama bado yuko hai. Akaahirisha shauri na kuniamuru nimlete. Nje, chini ya ule mti wa jakaranda, baba mkubwa alinikaribia mpaka nikahisi harufu ya ugoro.

"Umemvua nguo baba yako mbele ya watu," akasema. Akapanda gari la mdogo wangu, wakaondoka wote. Mama alikuwa kiti cha nyuma. Aliniangalia kupitia kioo mpaka gari lilipokunja kona.

Kumpata hakukuwa kazi. Nilipofika Kikatiti niliuliza watu wawili tu, nikaelekezwa kwenye chumba cha barabarani ambapo mwanamke mmoja alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine. Mkono wake ulikuwa ukienda na kurudi, kwenda na kurudi, na mashine ikitoa mlio mkavu. Aliponiona nimesimama mlangoni, mashine ilinyamaza.

Ukimya ule nilikuwa naujua. Nikashika fremu ya mlango.

Paji la uso lilikuwa lilelile. Uzee ulikuwa umeanza kulichora kama ulivyomchora baba, na kwa sekunde moja ya kutisha niliona kwamba nikitaka kumwona baba tena itanibidi nije hapa.

"Shikamoo dada," nikasema.

Hakuitikia. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Amekufa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Amekufa. Mwezi wa pili sasa."

"Nilisikia. Ukafikiri sikusikia? Kutoka hapa mpaka kwenu watu wanasali kanisa moja." Akavuta kiti akakisukuma upande wangu, lakini yeye akabaki amesimama. "Sema kilichokuleta."

Nilimwambia yote. Kikao, muhtasari, sahihi yangu, mahakama. Nilimwonyesha hati. Alizipitia taratibu, na alipofika kwenye ile ya mwisho aliigeuza akaangalia nyuma yake, kama kwamba huenda baba aliandika kitu huko. Hakukuwa na kitu.

"Twende kwa mama," akasema.

Mama yake alikaa nyumba ya nyuma. Alikuwa amezeeka na macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Alikuwa anamenya ndizi kwa kupapasa, haraka kuliko mtu anayeona.

"Shikamoo mama," nikasema.

Kisu kikasimama.

"Marahaba," akajibu. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja. "Wewe ni yule wa getini."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Sauti imekuwa nzito, lakini kuamkia ni kulekule. Ulikuwa unaniamkia vizuri sana. Nikiwa nateremka nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto amelelewa." Akaendelea kumenya. "Nilikuwa nasikia randa tangu kule bondeni, unajua? Ikinyamaza nilijua ameniona. Hata hivyo nilimalizia kilima. Nilisema, labda leo."

Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya ndizi nikaomba msamaha. Nililia kama mtoto, na nikiwa nalia nilikuwa naona aibu kwa kulia, kwa sababu katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa na haki ndogo kuliko wote ya kulia. Mama wa watu alingoja mpaka nikamaliza.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Sina neno na wewe. Nina neno na yeye, na yeye amejificha mahali nisipoweza kupanda."

Nikamweleza maneno ya karani, kwamba madai ya matunzo ni ya zamani, kwamba mahakama inaweza isiyasikilize, lakini mimi mwenyewe nitayalipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wangu.

Akacheka, kicheko kifupi. "Hela ya maziwa unaniletea mwanangu akiwa na mvi na mimi nikiwa sina meno."

"Nisilete?"

"Nimesema usilete? Lete."

Dada alikuja mahakamani siku iliyopangwa, amevaa gauni la kanisani, akiwa na cheti chake cha ubatizo kilichoandikwa jina la baba. Nilikuwa nimeogopa kwamba atasema hataki kitu, kwamba atasamehe mbele ya watu na kutuacha na uzito wetu. Hakufanya hivyo. Hakimu alipomwuliza kama anataka kuwemo kwenye mirathi, alijibu, "Nataka. Na naomba iandikwe kwenye faili kwamba hakunitunza." Hakimu akamwambia jambo hilo halihusiani na shauri lililo mbele yake. Akasema anaelewa, lakini aliomba tu. Niliona hakimu akiandika kitu. Sikujua ni nini.

Baba mkubwa alipinga, akashindwa, na tangu siku ile hajanywa maji nyumbani kwangu. Wadogo zangu wawili wa kiume walikubali mgawo kwa sababu ya sheria, na simu zao kwangu zimekuwa za misiba na harusi tu. Chumba kimoja cha biashara pale Ngaramtoni kiliandikwa jina la dada. Siku alipokuja kuchukua funguo nilitembea naye sokoni, kati ya wauza mbuzi na wauza maharage, na wazee waliomjua baba walikuwa wanasimama ghafla, wanamtazama, kisha wananitazama mimi. Mmoja alijikuta akivua kofia.

Mama yangu hakuwahi kukutana naye. Aliuliza mara moja tu, tukiwa tunakula loshoro jikoni kwake.

"Anafanana naye?"

"Sana."

Akaweka kijiko chini. Alikaa akitazama mahindi yanavyozama kwenye maziwa ya mgando, kisha akainuka akaenda kufunga mlango wa nyuma, ule unaotazama karakana, ingawa ulikuwa mchana na jua kali.

Mama yake dada alifariki mwaka uliofuata. Malipo yangu yalikuwa hayajafika hata robo. Nilienda kuzika, na sikujua nikae wapi, nikasimama na majirani. Dada aliniona, akamtuma mtu anilete mbele. Hakunishika mkono. Alitaka tu niwe pale.

Watu walipotawanyika tulibaki wawili tunakusanya viti vya kukodi. Alikuwa anavipanga kimoja juu ya kingine, na bila kunigeukia akauliza:

"Alikuwa baba mzuri?"

Nilifikiria kudanganya. Ningeweza kumwambia alikuwa mkali, mlevi, mtu wa kutomwonea mtu huruma, labda ingemsaidia. Lakini nilikuwa nimeapa, si kwa Biblia safari hii, kwamba yeye sitamdanganya tena.

"Kwetu sisi, ndiyo," nikasema. "Alikuwa mzuri."

Mikono yake ikatulia juu ya kiti.

"Hilo ndilo nililokuwa naliogopa maisha yangu yote," akasema. "Ningependa uniambie alikuwa mbaya kwa kila mtu."

Nilitaka kuongeza kitu, akainua kiganja kunizuia. Gari la kubeba viti likaja, tukapakia, akamlipa dereva. Kisha akaniuliza kama nitakula kabla ya kuondoka, kwa sababu njia ni ndefu. Nikasema nitakula. Tukaingia ndani, akanipakulia, akakaa upande wa pili wa meza, tukala. Kila alipoinama juu ya sahani yake, nilimtazama.